Umeme wa gridi na betri ya akiba kwenye DB ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila anayetaka kufunga inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani) na betri huanza kwa kuuliza anunue ya kilowati ngapi. Ni swali zuri, ila limewahi mno. Kabla yake kuna mawili: sakiti zipi zitaendelea kuwaka gridi ikikatika, na nyutro (nyaya za kurudisha umeme) za sakiti hizo zinarudi wapi? Ukiyajibu hayo kwenye karatasi, ukubwa wa vifaa unajipanga wenyewe. Usipoyajibu, hata inveta kubwa itakusumbua.

Mifano ya hapa ni ya 230 V, 50 Hz, fezi moja. Kwa mifumo mingine tazama swali la 18 na la 19. Kazi ya ndani ya DB (boksi la breka za nyumba) ni ya fundi umeme mwenye leseni. Majibu haya yatakusaidia kuelewana naye na kuusoma mchoro wake kabla hajatoboa ukuta.

## Mambo ya msingi

1. DB yenye betri ina tofauti gani na DB ya kawaida?

DB ya kawaida inapata umeme kutoka sehemu moja. Ukishusha swichi kuu, kila kilicho nyuma yake kimezimika na fundi anaweza kufanya kazi. Ukiongeza inveta unaongeza chanzo cha pili, nacho hakiitii swichi kuu. Ukiishusha, inveta inaona gridi imekatika, na ndani ya milisekunde 10 hadi 20 inaanza kutoa umeme wake. Sakiti uliyodhani umeizima bado ina 230 V.

Sehemu kubwa ya masharti utakayosoma hapa chini inatokana na jambo hilo moja.

2. Je, ni lazima niwe na DB mbili?

Si lazima kisheria kila mahali, lakini mimi sipendekezi njia nyingine kwa nyumba ya kawaida. DB kuu inabaki na gridi na mizigo mizito. DB ya pili, tuiite DB ya akiba, inalishwa na inveta na inabeba zile sakiti unazotaka ziendelee umeme ukikatika. Kila DB ina basiba yake ya nyutro (kipande cha chuma zinapofungwa nyutro zote) na RCD zake (swichi za kukata umeme unapovuja; tazama swali la 13).

Kuna mafundi wanaogawa boksi moja kubwa katikati: breka za kushoto za gridi, za kulia za inveta. Inafanya kazi endapo basiba za nyutro zimetenganishwa kabisa na mstari wa mgawanyo unaonekana. Shida huja miaka mitatu baadaye, mtu mwingine anapoongeza soketi na kufunga nyutro kwenye basiba iliyo karibu na mkono wake.

3. Kuna inveta za aina gani, na ipi inafaa kazi hii?

Ziko tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni inveta ya akiba yenye chaja ndani: gridi ikiwepo inaupitisha umeme moja kwa moja na kuchaji betri, ikikatika inageuza umeme wa betri. Ya pili ni inveta mseto, ambayo inaongeza sola na inaweza pia kusukuma umeme kurudi kwenye gridi. Ya tatu ni inveta ya gridi tupu, isiyo na betri. Hii haikupi akiba yoyote.

Kama hujapanga kuuza umeme kwenye gridi, ile ya kwanza inatosha na ina mambo machache ya kuharibika. Hakikisha tu ni ya wimbi safi la sine. Inveta za wimbi la kukadiria hupasha moto injini za friji na pampu, na baadhi ya chaja hazizipendi kabisa.

4. Nina paneli za sola juu ya paa tayari. Mbona umeme ukikatika na mimi nakosa?

Kwa sababu inveta yako ni ya gridi tupu, na imetengenezwa ijizime gridi ikipotea. Kiwango cha Marekani IEEE 1547, kwa mfano, kinaitaka iache kusukuma umeme ndani ya sekunde 2. Lengo ni kumlinda fundi aliyepanda nguzo akiamini laini imekufa. Ili sola ifanye kazi bila gridi unahitaji inveta inayoweza kuunda gridi yake ndogo ya ndani, pamoja na betri, na njia ya uhakika ya kujitenga na laini ya nje.

## Kugawa mizigo

5. Nichague vipi sakiti za kuweka kwenye DB ya akiba?

Tembea nyumba nzima na karatasi. Zima breka moja, angalia kilichozimika, andika. Usiamini maandishi yaliyopo ndani ya kifuniko. Breka iliyoandikwa "jikoni" mara nyingi inalisha pia soketi moja ya sebuleni ambayo mtu aliiongeza njia ya mkato.

Kisha uliza kila sakiti swali moja: umeme ukikosekana saa nne, nitaharibikiwa na nini? Taa, ruta, friji, kompyuta, geti, kengele ya usalama na pampu ya maji kwa kawaida hupita. Kifaa chochote cha kuzalisha joto hukaa DB kuu: hita ya maji, jiko la umeme, oveni, mashine ya kukaushia nguo. Hita ya maji ya 3 kW ikiwaka saa moja inakula yuniti tatu, na hizo ni zaidi ya nusu ya betri iliyotajwa kwenye swali la 7.

Kiyoyozi kina utata. Kile cha zamani cha kuwaka na kuzima huvuta kwa kishindo kila kinapoanza. Kinachobadilisha kasi ya kompresa huanza polepole, na kimoja kidogo cha chumba cha kulala kinaweza kuingia kwenye hesabu kama una betri ya kutosha.

Soketi za jikoni ndizo zinazowaponza wengi. Friji inatakiwa DB ya akiba, birika la umeme halitakiwi, na vyote viwili viko kwenye sakiti moja. Usimtegemee kila mtu nyumbani kukumbuka kutochomeka birika. Vuta waya mpya wa friji peke yake. Ni kazi ya nusu siku na inamaliza ugomvi.

6. Nahesabuje ukubwa wa inveta?

Jumlisha wati za vitu vinavyoweza kuwaka pamoja, kisha angalia kile chenye injini kubwa. Chukua mfano huu: friji 150 W, ruta 15 W, taa kumi za 8 W, televisheni 100 W, kompyuta mbili jumla 120 W, na pampu ya 750 W. Jumla ni 1,215 W. Ukisimama hapo utanunua inveta ya 1.5 kW, na itazima siku pampu itakapowaka.

Injini inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida, mara tano au sita si ajabu, kwa muda mfupi. Pampu ya 750 W inaweza kuomba 4,500 W kwa mpigo mmoja. Ongeza 465 W za vitu vingine na umekaribia 5,000 W. Inveta ya 3 kW inayovumilia 6 kW kwa sekunde chache itaweza. Ya 5 kW itaweza bila kuhema. Soma kwenye mwongozo inavumilia kwa muda gani, maana kuna watengenezaji wanaoandika namba kubwa inayodumu chini ya sekunde moja.

7. Na betri je?

Betri inahesabiwa kwa muda. Endelea na mfano huohuo kwa saa sita. Friji haiwaki mfululizo, hivyo wastani wake ni kama 60 W. Ukijumlisha na ruta, taa, televisheni na kompyuta unapata 375 W, sawa na 2,250 Wh kwa saa sita. Pampu ikifanya kazi nusu saa ni 375 Wh. Inveta yenyewe, hata bila mzigo, inaweza kula kama 50 W. Weka 300 Wh. Jumla 2,925 Wh. Gawa kwa 0.9 kwa sababu ya upotevu wa kugeuza umeme, unapata 3,250 Wh.

Betri ya litiamu-chuma-fosfeti ukiitumia hadi asilimia 80 inahitaji kuwa na takriban 4,060 Wh, kwa hiyo moja ya 51.2 V na 100 Ah, yenye 5,120 Wh, inatosha na chenji inabaki. Betri za risasi na asidi hazitakiwi kushushwa chini ya nusu ukitaka zidumu, hivyo ungehitaji 6,500 Wh: nne za 12 V, 150 Ah kila moja, zilizounganishwa mfululizo.

Zile 50 W za inveta usizidharau. Kwa siku nzima ni 1.2 kWh, na kwenye nyumba yenye matumizi madogo zinaweza kuzidi friji.

8. Kwa nini nisilishe nyumba nzima kwa betri na kuacha usumbufu wa kugawa?

Unaweza, kama fedha na nafasi zipo. Bado ningegawa. Nyumba nzima ikiwa nyuma ya inveta, mtu mmoja akiwasha oveni wakati pampu inaanza, nyumba nzima inaingia gizani, pamoja na ruta na geti. Ukigawa, kosa la jikoni linabaki jikoni.

## Njia ya umeme kupitia inveta

9. Gridi ikiwepo, umeme wa DB ya akiba unapita wapi?

Unapita ndani ya inveta. Kuna rilei (swichi inayojiendesha) inayounganisha pembejeo, umeme unapoingia, na pato, unapotoka, na mizigo yote ya DB ya akiba inabebwa na rilei hiyo siku nzima, wiki nzima, hata kama umeme haukatiki. Ndiyo maana ukubwa wa njia ya kupitisha, mara nyingi 30 A au 40 A kwa inveta za 5 kW, ni muhimu kama wati zake.

Breka ya DB kuu inayolisha inveta inabeba mizigo pamoja na chaja. Mizigo ya 5,000 W ni karibu 22 A. Chaja ya 60 A kwenye betri ya takriban 54 V ni 3,240 W. Ukiongeza upotevu inavuta kama 16 A upande wa gridi. Jumla 38 A. Hapo panahitajika breka ya 40 A na waya wa shaba wa 10 mm² katika mazingira ya kawaida, au upunguze chaja kwenye mipangilio hadi 30 A ili ubaki na nafasi. Wengi huweka breka ya 20 A, kisha wanashangaa kwa nini inaanguka kila umeme unaporudi: betri imeshuka, chaja inavuta kwa nguvu zote, na friji nayo inaanza wakati huohuo.

Kwenye pato la inveta weka breka nyingine, isiyozidi uwezo wa njia ya kupitisha wala wa waya.

10. Swichi ya chenjiova iwe ya mkono au ya otomatiki?

Kubadilisha kati ya gridi na betri tayari kunafanywa na inveta. Chenjiova ya nje, yaani swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme, inahitajika kwa kazi nyingine: kuikwepa inveta (swali la 11) na kuingiza jenereta (swali la 20). Kwa kazi hizo mimi nachagua ya mkono, yenye nafasi tatu, I, 0 na II, inayokata laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro pamoja. Ni chuma na mkono tu. Haina kompyuta ya kuchanganyikiwa usiku wa manane.

Chochote utakachochagua, kifungo cha kuzuia vyanzo viwili visikutane kiwe cha kimekanika. Breka mbili zilizo pembeni mwa nyingine na karatasi iliyoandikwa "usiwashe zote" hazihesabiki kuwa kifungo.

11. Inveta ikiharibika, DB ya akiba inapata umeme vipi?

Haipati, kama hukuweka swichi ya kuikwepa. Hiki ndicho kipande kinachosahaulika kuliko vyote, na ni kile cha bei ndogo. Nafasi ya I inalisha DB ya akiba kutoka kwenye pato la inveta, nafasi ya II inailisha moja kwa moja kutoka DB kuu. Inveta ikipelekwa kwa fundi wiki mbili, friji na taa zinaendelea na gridi.

12. Je, naweza kuchomeka waya wa inveta kwenye soketi ya ukutani ili ulishe nyumba?

Hapana. Waya wenye plagi dume pande zote mbili una pini zenye umeme wazi mkononi mwako. Na swichi kuu ikisahaulika, umeme wako unatoka nje, unafika kwenye transfoma ya mtaa na kupandishwa badala ya kushushwa. Fundi wa laini anayegusa nyaya za 11,000 V ndiye atakayeupokea. Gridi ikirudi ghafla, inveta inaungua.

## Nyutro, ethi na RCD

13. Tangu DB ya akiba ifungwe, RCD inajikata kila nikiwasha taa fulani. Kwa nini?

Karibu kila mara jibu ni nyutro ya kuazima. RCD inalinganisha mkondo unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika kiwango chake, 30 mA kwa ulinzi wa watu, inakata. Haijali umeme umeenda wapi, inachojua ni kwamba haujarudi.

Mfano unaojirudia ni taa ya ngazi ya ghorofa. Fundi wa kwanza alichukua laivu kwenye taa za chini, akapandisha waya hadi swichi ya juu, na nyutro akaiokota kwenye taa za juu kwa sababu ilikuwa karibu. Wakati nyumba nzima ilikuwa nyuma ya swichi moja, hakuna aliyegundua. Sasa taa za chini zimehamia DB ya akiba na za juu zimebaki DB kuu. Ukiwasha taa ya ngazi, mkondo unatoka kwenye RCD ya akiba na kurudi kwenye basiba ya DB kuu. Inakata papo hapo. Kama hakuna RCD, hali ni mbaya zaidi: gridi ikikatika, nyutro ya DB kuu, ambayo fundi anaweza kuigusa akidhani imekufa, inapata volti kupitia balbu.

Namna ya kuitafuta: zima vyanzo vyote, na betri pia. Chomoa nyutro za sakiti zilizohamishwa kutoka kwenye basiba yao, acha swichi za taa zikiwa zimewashwa, kisha pima kati ya kila nyutro hiyo na basiba ya nyutro ya DB kuu. Pasionekane muunganiko wowote. Kwa mita ya kawaida utaona miunganiko ya wazi; kwa mega, mita inayopima uvujaji kwa volti kubwa, fundi ataona hata ile iliyojificha kwenye boksi lenye unyevu, mradi balbu na vifaa vya elektroniki vichomolewe kwanza.

Tiba ni mbili tu: kuvuta nyutro sahihi, au kuhamisha sakiti zote mbili upande mmoja.

14. Nyutro iunganishwe na ethi (waya wa ardhini) wapi?

Gridi ikiwepo, muunganiko huo tayari upo, ama kwenye transfoma au kwenye kiingilio cha nyumba, kulingana na mfumo wa eneo. Usiongeze wa pili. Ukiongeza, sehemu ya mkondo wa nyutro itarudi kwa njia ya waya wa ethi na RCD ya juu itaanguka.

Gridi ikikatika, inveta nyingi hufungua laivu na nyutro za pembejeo. Pato linabaki likielea bila kujua ardhi iko wapi. Laivu ikigusa bodi ya chuma ya mashine, hakuna njia ya mkondo kurudi, na RCD haina cha kupima. Kwa hiyo lazima muunganiko mpya ufungwe upande wa pato, ila wakati wa betri tu. Inveta nzuri zina rilei ya kazi hiyo. Angalia kwenye mwongozo kama ipo na kama imewashwa kwenye mipangilio, maana nyingine hutoka kiwandani ikiwa imezimwa.

Kipimo chake ni rahisi. Fundi aizime gridi, inveta ikiwa inaendesha kwa betri apime soketi ya DB ya akiba. Kati ya laivu na ethi panatakiwa takriban 230 V, kati ya nyutro na ethi karibu sifuri. Akiona kama 115 V pande zote mbili, pato linaelea.

Fimbo ya ethi ya nyumba yenyewe ni ya lazima hapa, hata kama shirika la umeme linakupa ethi yake. Laini ya nje inaweza kukatwa nzima, ethi ikaondoka nayo.

15. Kinga ya volti za ghafla ikae wapi?

Kwenye DB kuu, karibu na kiingilio, kabla ya inveta. Ya pili kwenye DB ya akiba inafaa kama iko mbali. Nyaya zake ziwe fupi: kutoka laivu hadi kinga na kutoka kinga hadi ethi, jumla isizidi nusu mita ikiwezekana. Nyaya ndefu zilizozungushwa vizuri zinapendeza kwa macho na hazilindi kitu.

## Upande wa betri

16. Naweza kutumia breka ya kawaida ya AC kati ya betri na inveta?

Usithubutu. Mkondo wa AC unapita sifuri mara 100 kwa sekunde kwenye 50 Hz, na hapo ndipo cheche ndani ya breka inapozimika. Mkondo wa DC haupiti sifuri kamwe. Cheche inaweza kuendelea hadi breka iyeyuke.

Weka fyuzi ya DC karibu kabisa na terminali chanya ya betri, yenye uwezo wa kukata maelfu ya ampea, kwa sababu betri ya litiamu ikipigwa shoti hutoa kiasi hicho. Fyuzi za daraja T hutumika sana kwa kazi hii. Ukiongeza breka ya DC kwa ajili ya kuzima kwa mkono, angalia kama ina alama za chanya na hasi: aina hiyo ikifungwa kinyume haizimi cheche.

17. Waya wa betri uwe na unene gani?

Inveta ya 5 kW kwenye betri iliyoshuka hadi 44 V, ikiwa na ufanisi wa asilimia 92, inavuta karibu 124 A. Waya laini wa shaba wa 35 mm² ndio mwanzo, na 50 mm² unapumua vizuri zaidi, wenye fyuzi ya 150 A au 160 A na urefu usiozidi mita mbili hivi. Kwa 12 V mzigo huohuo ungevuta zaidi ya 450 A, na ndiyo sababu mifumo ya nyumbani imehamia 48 V.

Kaza kwa bisibisi au spana yenye kipimo cha nguvu, kwa namba iliyoandikwa kwenye mwongozo. Kwenye 124 A muunganiko uliolegea unageuka hita. Alama ya kwanza ni plastiki kubadilika rangi kuelekea kahawia pembeni mwa skrubu; ukiiona, harufu iko njiani. Waya laini uvalishwe kichwa cha kubana, usisokotwe na kuingizwa hivihivi.

Betri isikae chumba cha kulala wala chini ya ngazi ya kutokea. Zile za risasi na asidi hutoa haidrojeni zikichajiwa, hivyo zinahitaji hewa, na joto huzila: kila nyuzi 10 juu ya 25°C hupunguza umri kwa takriban nusu. Za litiamu-chuma-fosfeti hazitakiwi kuchajiwa chini ya 0°C.

## Hali za pekee

18. Nyumba yangu ina fezi tatu. Inakuwaje?

Kama una motor ya fezi tatu unayotaka iendelee gridi ikikatika, unahitaji inveta ya fezi tatu au tatu za fezi moja zinazoongea zenyewe kwa waya wa mawasiliano. Kama huna, hamisha mizigo ya akiba yote kwenye fezi moja na uweke inveta moja. Kabla ya hapo pima kwa mita ya klempu uone fezi hiyo itabaki na mzigo gani, ili usiilundikie.

19. Na pale penye 120/240 V?

Inveta ya 120 V moja haiwezi kuendesha kifaa cha 240 V. Wapo wanaounganisha pande zote mbili za DB ya akiba kwenye inveta moja ya 120 V, na hapo kuna mtego. Sakiti mbili zinazotumia nyutro moja hutegemea pande hizo kupingana, hivyo nyutro inabeba tofauti tu. Zikilishwa na chanzo kimoja, mikondo inajumlishwa: 15 A na 15 A zinakuwa 30 A kwenye nyutro isiyo na breka. Tumia inveta inayotoa 120/240 V kamili, au tenganisha nyutro hizo.

Kanuni za Marekani, NEC, zina pia sharti la basiba kwa inveta inayosukuma umeme kwenye DB kuu: katika njia moja inayokubalika, swichi kuu ukijumlisha na asilimia 125 ya mkondo wa inveta visizidi asilimia 120 ya uwezo wa basiba. Basiba ya 200 A yenye swichi kuu ya 200 A inabakiwa na nafasi ya 40 A, na breka ya inveta ikae mwisho wa basiba ulio kinyume na swichi kuu.

20. Nataka kuongeza jenereta. Iingie wapi?

Kabla ya pembejeo ya inveta, kupitia chenjiova ya swali la 10, gridi upande mmoja na jenereta upande mwingine. Jenereta ndogo zina volti na masafa yanayoyumba, na inveta iliyowekwa kwenye hali ya UPS (ya vifaa nyeti kama kompyuta), ambayo mara nyingi inakubali 170 hadi 280 V, inaweza kuikataa. Hali ya vifaa vya kawaida hukubali kuanzia 90 V kwenye inveta nyingi. Punguza pia mkondo wa chaja, la sivyo jenereta itaguna na kuzima.

Kama inveta yako inasukuma umeme kwenye gridi, hakikisha kazi hiyo imezimwa jenereta inapowaka.

21. Kulikuwa na shoti wakati wa betri lakini breka haikuanguka. Inveta ndiyo iliyozima. Breka ni mbovu?

Huenda ni nzima kabisa. Breka ya C20, yaani ya 20 A yenye mkunjo wa C (herufi inayoonyesha inaanguka upesi kwa mkondo gani), inahitaji 100 hadi 200 A ili ianguke papo hapo. Gridi inatoa hizo bila shida. Inveta ya 5 kW inatoa 22 A, na labda maradufu kwa sekunde chache, kisha inajilinda na kuzima. Breka ya mkunjo wa B huanguka kwa 60 hadi 100 A. Ni afadhali, bado haitoshi.

Maana yake ni kwamba wakati wa betri ulinzi wako dhidi ya kupigwa na umeme unategemea RCD. Usiache sakiti yoyote ya DB ya akiba bila RCD, na hakikisha jambo la swali la 14.

22. Tangu inveta mseto iwashwe, yuniti za mita zinakwenda kasi zaidi. Inawezekanaje?

Angalia kwanza kihisi cha mkondo, ile pete inayofungwa kwenye waya wa kiingilio. Ina mshale. Ukielekea kinyume, inveta inasoma kununua kama kuuza, na inasukuma umeme nje ikidhani inasaidia. Baadhi ya mita huhesabu mkondo wa kwenda nje kama matumizi, hivyo unalipia umeme wako mwenyewe. Geuza pete, kisha washa hita na uone kama usomaji unapanda kuelekea upande wa kununua.

23. Fundi amemaliza. Nikague nini kabla hajaondoka?

Mwambie ashushe swichi kuu mchana, kila kitu kikiwa kimewashwa. DB ya akiba iendelee, DB kuu ife kabisa. Mpe mita apime basiba ya DB kuu, laivu na nyutro, na pasiwe na volti. Wakati huohuo bonyeza kitufe cha majaribio kwenye kila RCD ya akiba. Washa pampu friji ikiwa inafanya kazi. Rudisha swichi kuu na usikilize: inveta itasubiri kidogo, kisha rilei italia mara moja. Ikilia mara nyingi mfululizo, kuna volti inayoyumba au muunganiko uliolegea. Baada ya nusu saa ya mzigo mzito, pitisha kipimajoto cha kamera au cha miale kwenye kila skrubu kubwa.

Kisha lebo. Kwenye DB kuu: kuna chanzo cha pili, na hatua za kukizima kwa mpangilio, yaani pato la inveta, pembejeo, betri, na sola kama ipo. Kwenye DB ya akiba: inabaki na umeme hata swichi kuu ikishushwa. Mchoro wa mstari mmoja ubandikwe ndani ya kifuniko, na tarehe, na uweke picha yake kwenye simu.

24. Naweza kuongeza betri nyingine mwakani?

Ndiyo, ikiwa ni ya aina na volti ileile, na mfumo wa kuilinda unaruhusu kuunganishwa sambamba. Chaji zote mbili hadi zijae kabla ya kuziunganisha, la sivyo iliyojaa itaimwagia iliyopungua mkondo mkubwa. Kila betri iwe na fyuzi yake. Za risasi na asidi usichanganye mpya na kuukuu. Ile kuukuu huishusha mpya hadi hali yake ndani ya miezi. Fyuzi na waya mkuu wa inveta havibadiliki, kwa kuwa inveta inavuta kilekile ilichokuwa inavuta.